Vitabu vya maisha vya madereva wa mbio za magari, kipi kinasema kweli kilichokuwa kichwani?

kona_ya_mwisho

Wakuu habari zenu, wapenda mbio na wapenda vitabu naomba mnisaidie hapa.

Mbio nafuatilia siku nyingi, F1 (Formula One) zaidi na rali kidogo, na kusoma napenda vilevile, sa nikaona niunganishe, nisome vitabu ambavyo madereva wenyewe wamesimulia maisha yao. Nimeshapitia viwili vitatu na kiukweli vimenichosha. Dereva yuko mdogo kwenye karti (vigari vidogo vya mbio), baba anauza kitu ili mtoto apate injini, anapanda daraja, anasaini mkataba, na kuanzia hapo ni mbio baada ya mbio mpaka mwisho, hii nilishinda, ile giaboksi iligoma, ile nyingine mvua ilinyesha tukakosea matairi. Hayo matokeo mi nayapata mtandaoni bure tena yamepangwa kwenye jedwali, sihitaji kurasa 300 kuyajua.

Ninachotaka ni kile ambacho kamera haionyeshi. Mtu anawaza nini asubuhi ya mbio anapofunga mkanda wakati jana yake tu mwenzake amefia kwenye saketi hiyohiyo? Mwili unasikia nini kwenye kona ya kasi, macho yanatazama wapi, mguu unajuaje kwamba sasa ndo mwisho wa mshiko wa tairi? Anakaaje meza moja na mwenzake wa timu ambaye ndo mtu wa kwanza anayetaka kumshinda? Na pesa, manake huu mchezo bila pesa huendeshi hata siku moja, ila kwenye vitabu nilivyosoma pesa inatajwa kwa aibu aibu tu alafu wanarukia mbio inayofuata.

Kingine kinachonisumbua, vingi vina mwandishi wa pembeni, dereva anaongea na mwandishi wa habari anarekodi na kupanga. Sasa hapo sauti ninayoisikia ni ya nani? Naomba mnitajie vitabu lakini mniambie na sababu, jina peke yake halitanisaidia.

---

mzee_wa_piti

Kona, anza na Niki Lauda, dereva wa F1 kutoka Austria. "To Hell and Back", toleo la Kiingereza lilitoka 1986, asili yake ni Kijerumani na aliandika kwa kusaidiwa na mwandishi Herbert Völker. Ukikimaliza hicho ndo utajua vingine vyote uvipime na nini.

Ajali ya Nürburgring, saketi ya Ujerumani, ya tarehe 1 Agosti 1976 unaijua, Ferrari ikawaka moto na yeye yuko ndani, akavuta moshi wa sumu mapafu yakaharibika, padri akaletwa hospitali kumpa sala ya mwisho, na siku 42 baadaye jamaa yuko Monza, Italia, kwenye gari na anamaliza wa nne huku vidonda vya kichwani havijapona. Hiyo imeshasimuliwa kila mahali. Lakini soma anavyosema yeye mwenyewe kuhusu hiyo Monza. Wakati ule mbele ya waandishi wa habari alisema hofu ameshaimaliza. Kwenye kitabu anasema ule ulikuwa uongo, alikuwa amekakamaa kwa hofu, ila angekuwa mjinga kuwaonyesha wapinzani wake udhaifu huo. Anaeleza siku ya kwanza ya mazoezi alivyoshindwa, alafu kesho yake akajiambia aendeshe taratibu tu bila kufukuza muda, asijisukume, na kasi ikarudi yenyewe kidogo kidogo. Hakuna kamera ingeweza kukupa hiyo na hakuna mwandishi wa nje angeweza kuibuni, hiyo ilikaa kwake miaka yote kumi.

Alafu Fuji, Japani, mwezi Oktoba mwaka huohuo. Mvua kubwa, maji yamejaa barabarani, lapu (mzunguko) ya pili anaingiza gari piti, kule gereji za timu, anashuka. Mauro Forghieri, injinia mkubwa wa Ferrari, akampa njia ya kutokea, tuseme injini imekufa. Lauda akakataa, akasema ukweli kwamba kuendesha kwenye hali ile ni wendawazimu. Mpinzani wake James Hunt akachukua ubingwa kwa pointi 69 dhidi ya 68 za Lauda. Mtu aliyepoteza ubingwa wa dunia kwa pointi moja kwa sababu hakutaka kudanganya kuhusu injini, huyo hata akikwambia saa ngapi nitamwamini.

Mi nina kanuni moja nikishika kitabu cha dereva, naangalia kimetoka mwaka gani na yeye kastaafu mwaka gani. Lauda aliacha mwisho wa 1985, kitabu kikafuata. Linganisha na Lewis Hamilton, kitabu chake "My Story" kilitoka 2007, baada ya msimu wake wa kwanza tu, hata ubingwa mmoja hajachukua bado na leo anao saba. Si kwamba kijana alikuwa mwongo, la hasha, ila dereva anayeendesha bado ana bosi anayesoma, ana wadhamini wanaosoma, na wale atakaokutana nao kona ya kwanza wiki ijayo nao wanasoma. Atasema nini hapo? Jim Clark vilevile, kitabu chake cha 1964 kina heshima zake lakini kimeishia kabla ya Indianapolis 500, ile mbio kubwa ya Marekani, na ubingwa wake wa pili wa F1, vyote vya 1965, na mwaka 1968 akafariki Hockenheim, hatukupata tena nafasi ya kumsikia ametulia nje ya gari anaangalia nyuma.

---

dada_wa_saketi

Mzee wangu Lauda nakubali asilimia zote, ila hii habari ya mwandishi wa pembeni naomba nimjibu Kona kwa upande mwingine kidogo.

Jackie Stewart, "Winning Is Not Enough", 2007. Huyu bingwa mara tatu, 1969, 1971 na 1973, ana disleksia, yani ugumu wa kusoma na kuandika, na hakuambiwa hivyo mpaka amefika miaka 41. Shule aliacha na miaka 15 akiwa anaitwa mjinga na walimu. Mtu wa namna hiyo usipompa mtu wa kumwandikia humpati kabisa kitabuni, utakuwa umekubali kwamba wanaosimuliwa ni wale tu wanaoweza kukaa na kalamu. Na kwake hiyo disleksia ndo roho ya kitabu chenyewe. Anasema mpaka leo hawezi kutaja alfabeti yote kwa mpangilio, lakini Nürburgring ya zamani, ile ndefu ya zaidi ya kilomita 22, anakutajia kila kona unatumia gia gani na breki unakanyaga wapi. Nilivyosoma hapo nikaelewa kitu kuhusu kuendesha ambacho hakuna injinia amewahi kunielewesha, kwamba kuna akili inayokaa kwenye mikono na macho na haipiti kwenye maandishi kabisa.

Kona umeuliza mtu anawaza nini mwenzake akifa. Stewart anayo hiyo, tena ndefu. Mwaka 1973 alishaamua kustaafu tangu mwezi wa nne, hata mke wake Helen hakumwambia ili asikae anahesabu mbio zilizobaki. Mbio ya mwisho ilikuwa Watkins Glen, Marekani, ingekuwa ya 100 kwake. Kwenye mazoezi ya kupanga nafasi za kuanzia François Cevert akafa, kijana Mfaransa ambaye Stewart amemfundisha kila anachojua na ndiye angemwachia timu. Timu ikajitoa, Stewart akaishia mbio 99. Sehemu aliyopata ajali Cevert, Stewart ameeleza kwamba yeye alikuwa anapita na gia ya tano, injini inazunguka taratibu na gari limetulia, Cevert alipenda ya nne, injini inazunguka kwa kasi na gari lina hasira. Unaona hapo? Huzuni na gia viko kwenye aya moja, manake kwa hawa watu ndo vinavyokaa.

Na ile ya Spa, Ubelgiji, 1966, mvua imewatupa magari kibao nje kwenye lapu ya kwanza, yeye amebanwa ndani ya gari lake la BRM petroli inammwagikia mwilini, hakuna wahudumu, hakuna vifaa, waliomtoa ni madereva wenzake Graham Hill na Bob Bondurant kwa spana iliyoazimwa kwa mtazamaji. Tangu siku hiyo akawa anafunga spana ndani ya gari lake. Vita yake yote ya usalama, vizuizi, madaktari, ilianzia hapo, na kitabu kinaeleza alivyochukiwa kwa ajili hiyo, kuna watu walimwita mwoga wazi kabisa.

Kasoro yake niiseme, ni kinene, na zile sura za biashara na watu wakubwa anaofahamiana nao mi niliziruka.

Wa pili ni Janet Guthrie, "A Life at Full Throttle", 2005. Huyu ndo mwanamke wa kwanza kufuzu Indianapolis 500, mwaka 1977, na mwaka huohuo akaendesha Daytona 500, nayo mbio kubwa ya Marekani, vilevile wa kwanza. Amesoma fizikia, amefanya kazi kwenye kampuni ya ndege kama injinia, injini alikuwa anazifungua mwenyewe. Mzee wa Piti kanuni yako ya miaka inakaa vizuri hapa, kati ya ile mbio na kitabu kuna miaka 28, ametulia, hana wa kumwogopa. Mwaka 1978 akamaliza wa tisa Indianapolis akiwa na kifundo cha mkono kimevunjika na hakumwambia mtu, kwa sababu alijua wakijua tu watasema mnaona, mwanamke hawezi. Na pesa Kona ulizozitafuta ziko humu zimejaa, barua kwa wadhamini, simu, kukataliwa, mwisho anaacha mbio sio kwa kushindwa kuendesha, wadhamini hawakupatikana basi. Kwangu mi hiki ndo kimeandikwa vizuri kuliko vyote nilivyosoma vya mbio, sentensi zake zimenyooka na hajionei huruma hata mstari mmoja.

---

fundi_spana

Mmesahau Mark Donohue jamani. "The Unfair Advantage", 1975.

Huyu alisomea uinjinia wa mitambo, akashinda Indianapolis 500 mwaka 1972 na timu ya Roger Penske, na kitabu chake hakiendi kwa miaka wala kwa mbio, kinaenda kwa magari. Kila sura gari moja, walilipataje, lilikuwa na tatizo gani, walijaribu nini, kipi kilikubali kipi kiligoma. Kama swali lako ni mguu unajuaje mwisho wa mshiko wa tairi basi jibu liko hapa, manake yeye alikuwa analipeleka gari kwenye uwanja wa duara anazunguka zunguka anapima, anabadilisha springi, anabadilisha bomba la kuzuia kulala, anazunguka tena. Anaeleza hadi ujanja waliofanya, ile Camaro ambayo bodi yake waliichovya kwenye asidi bati liliwe kidogo gari liwe jepesi. Na ile Porsche 917/30 ya 1973 yenye zaidi ya nguvu farasi 1,000, ukisoma wanavyohangaika na turbo inayochelewa kuitika, unakanyaga mafuta kitu hakiji, alafu kinakuja chote kwa mpigo uko katikati ya kona, unaelewa kwamba gari linatengenezwa na dereva na sio kiwandani peke yake.

Hisia humo chache, kuhusu ndoa yake kuvunjika anagusa tu anapita. Lakini mi naona hiyo nayo ni ukweli wake, ndivyo alivyokuwa, gari kwanza. Alifariki mwezi Agosti mwaka huohuo wa 1975 baada ya tairi kupasuka kwenye mazoezi Austria. Kwa hiyo Mzee, kanuni yako ya kustaafu hapa imekwama, huyu aliandika akiwa bado yupo kwenye mchezo na hakuficha makosa yake.

---

mzee_wa_piti

Fundi hapo umenipata kidogo, ila kumbuka Donohue alishatangaza kuacha mwisho wa 1973 kabla hajarudi kwenye F1, kwa hiyo hata yeye alipata ule muda wa kukaa nje akatazama. Kitabu nakikubali, nilikisoma na kalamu mkononi.

---

kona_ya_mwisho

Aisee nimefurahi sana, Guthrie sikuwahi hata kufikiria na Donohue nilimjua kwa jina la gari tu. Niongeze swali. Mtu akisimulia maisha yake anajitetea, hata asipotaka. Kuna sehemu ambapo kitabu kinasema hivi na mtu mwingine aliyekuwepo anasema vile? Manake mi ningependa kusoma pande zote.

---

mzee_wa_piti

Zipo, na iliyo nzito kuliko zote ni Le Mans 1955, ile mbio ya saa 24 ya Ufaransa.

Mike Hawthorn anaingia piti na Jaguar D-type yenye breki za diski, gari linasimama haraka kuliko la mtu yeyote nyuma yake. Lance Macklin yuko nyuma na Austin-Healey, anakwepa kushoto. Pierre Levegh anakuja na Mercedes kwa kasi kubwa mno, anampanda Macklin, gari linaruka linaangukia watazamaji, watu zaidi ya 80 wakafa na Levegh mwenyewe. Juan Manuel Fangio, dereva mwingine wa Mercedes, alikuwa nyuma ya Levegh, akapenya katikati ya vurugu ile, na maisha yake yote alisema Levegh aliinua mkono kumwonya sekunde ile ya mwisho.

Uchunguzi rasmi haukumtia hatiani Hawthorn. Mwaka 1958 akatoa kitabu, "Challenge Me the Race", humo anasema yeye hakuwa na kosa, na hakumtaja aliyekosea. Sasa hesabu mwenyewe, Levegh amekufa, Hawthorn hana kosa, amebaki nani? Macklin akasoma akaona kabisa anayeachiwa mzigo ni yeye, akafungua kesi ya kuchafuliwa jina. Kesi haikufika mwisho, Januari 1959 Hawthorn akafa kwa ajali barabarani Uingereza, miezi michache tu baada ya kuwa bingwa wa dunia na kustaafu.

Kwa hiyo ukisoma hicho kitabu kisome ukijua kwamba kuna mtu alikisoma akakiona ni shitaka. Mwandishi hajamtukana mtu, hajadanganya kwa neno ambalo unaweza kuliwekea kidole, amenyamaza tu mahali fulani. Na mahali anaponyamaza dereva ndo pa kusoma taratibu. Mi huwa natafuta ile mbio ambayo kila mtu anaikumbuka alafu naangalia yeye ameipa kurasa ngapi. Akiipa aya moja ujue kuna jambo.

Na upande wa pili wa shilingi upo. Mwaka huohuo wa 1958 Stirling Moss alikosa ubingwa kwa pointi moja mbele ya Hawthorn huyuhuyu, na pointi za mbio ya Ureno Hawthorn angenyang'anywa kama Moss mwenyewe asingeenda kwa waamuzi kumtetea. Moss alikuwa wa pili miaka minne mfululizo, 1955 mpaka 1958, na hakuwahi kuwa bingwa. Mtu wa namna hiyo akikwambia kwa nini alimtetea mpinzani wake, msikilize.

---

mpita_kushoto

Kwa wa kizazi chetu, kama unataka ugomvi wa ndani ya timu soma Mark Webber, "Aussie Grit", 2015, alitoka F1 mwisho wa 2013. Amekwenda moja kwa moja. Silverstone 2010, bawa jipya la mbele linatolewa kwenye gari lake anapewa mwenzake wa timu Sebastian Vettel, yeye anashinda mbio na kwenye redio anawapa maneno yao. Malaysia 2013 ile ya Multi 21, ambayo ilikuwa ni amri ya siri ya timu kwenye redio, gari namba 2 linakaa mbele ya gari namba 1, yani Webber mbele, wote wapunguze injini wamalize. Vettel akampita. Kwenye runinga tuliona sura zao jukwaani dakika chache tu, kitabu kinakupa miaka yote iliyojenga ile dakika. Na anasema mwenyewe kwamba mwisho wa 2010 akiwa anapigania ubingwa aliendesha na bega lililovunjika kidogo baada ya kuanguka na baiskeli, timu haikujua. Ni upande mmoja, sawa, lakini ameuweka mezani wote, na sehemu alizoshindwa kwa kasi tu anakiri ni kasi.

Damon Hill nae, "Watching the Wheels", 2016, usimwache. Baba yake Graham Hill, ambaye mpaka leo ni yeye peke yake aliyeshinda Monaco, Indianapolis 500 na Le Mans, alikufa Novemba 1975 kwa ndege aliyokuwa anairusha mwenyewe na watu wa timu yake ndani, Damon ana miaka 15. Ndege ilikuwa na matatizo ya usajili, bima haikulipa, familia ikadaiwa, nyumba ikaenda. Kijana anaanza na pikipiki, anapeleka vifurushi mjini London, na anafika timu ya Williams, na mwaka 1994 Ayrton Senna anakufa kwenye mbio ya Imola na yeye ndiye mwenzake wa timu, ghafla timu nzima inamwangalia yeye. Ubingwa kauchukua 1996. Lakini sio kitabu cha ubingwa, ni cha mtu aliyekuja kujua ukubwani kwamba ana sonona na ilianza ile usiku wa ndege. Anaandika kwa upole lakini hakwepi, na sura ya Adelaide 1994, alipogongana na mpinzani wake wa ubingwa Schumacher, niliisoma mara mbili manake nilitarajia hasira nikakuta kitu kingine, mtu anayejiuliza kwa nini aliingia ile nafasi haraka vile.

Jenson Button, "Life to the Limit", 2017, kinasomeka kwa raha, sehemu ya timu ya Brawn 2009 ni tamu, timu imeuzwa kwa pauni moja na wanashinda mbio sita kati ya saba za mwanzo. Ila kama unatafuta kina anza na hao wawili.

---

nyuma_ya_gridi

Wote mnataja mabingwa na karibu mabingwa. Kona kuhusu pesa, soma walioshindwa.

Perry McCarthy, "Flat Out, Flat Broke". Jamaa alifanya kazi kwenye mitambo ya mafuta baharini Bahari ya Kaskazini ili alipie mbio za daraja la chini, akakopa, akabembeleza, mwisho mwaka 1992 anapata kiti F1, timu yenyewe Andrea Moda. Hakuwahi kuanza mbio hata moja. Silverstone, nyumbani kwao, walimtoa piti na matairi ya mvua wakati barabara imekauka. Msimu haujaisha timu ikafukuzwa kwenye mashindano. Kinachekesha sehemu nyingi lakini chini yake kuna mtu aliyetaka kitu kimoja maisha yake yote akakigusa kwa ncha za vidole, na hakuna bingwa anayeweza kukuandikia hiyo. Mbio za magari zimejaa watu kama yeye, kwa kila mmoja aliye kwenye gridi kuna mamia waliofilisi familia wakaishia njiani, na sisi tunasoma za yule mmoja tu.

Na kwa vile umesema rali unaipenda, Ari Vatanen, "Every Second Counts". Bingwa wa dunia 1981, akashinda Safari Rally 1983, alafu 1985 Argentina akapata ajali na Peugeot iliyokaribia kumuua. Mwili ulipona kabla ya akili. Alijilaza miezi akiamini ameambukizwa ukimwi kupitia damu aliyoongezewa, madaktari wanamwambia huna, haamini. Mwaka 1987 akarudi na kushinda Paris-Dakar. Watu wanakumbuka Dakar, yeye anakupeleka kwenye kile chumba alichojilaza. Kwa dereva wa miaka ile kuandika kwamba akili yake ilimwacha, tena kwenye mchezo ambao hofu hata haitajwi, mi namvulia kofia.

---

kona_ya_mwisho

Orodha imeshajaa na sina la kulalamika tena. Naanza na Lauda kama alivyosema Mzee, nikimaliza naingia Guthrie. Alex Zanardi, yule dereva wa Italia, je, kuna aliyemsoma? Kile kitabu chake nimekiona kinatajwa tajwa.

---

dada_wa_saketi

Nimekisoma, kisome, ila ujue kimeishia wapi. Ajali yake ya Lausitzring, Ujerumani, ni Septemba 2001, alipoteza miguu yote miwili, na 2003 akarudi palepale kwenye gari lililofungwa breki na mafuta ya mkononi akamalizia lapu 13 zilizokuwa zimebaki siku ile. Kitabu kimetoka 2004 kwa hiyo hizo zote zimo, na ile sehemu ya kutengeneza miguu ya bandia mwenyewe, anabishana na mafundi kama vile anarekebisha sasipensheni, ndo iliyonishika kuliko ajali yenyewe. Medali za dhahabu za Paralimpiki za baiskeli ya mikono, London 2012 na Rio 2016, humo hazimo, hakuna hata dalili kwamba anazifikiria. Unamsoma mtu ambaye anadhani hadithi yake imefika mwisho, na we unajua bado.

---

fundi_spana

Na ukifika kwa Donohue usiruke zile sura za mwanzo za magari madogo ukimbilie Porsche. Njia yake ya kupima yote inajengwa kule, ukiruka hutaelewa kwa nini kwenye 917 anahangaika na kitu kimoja wiki nzima.